Bibi Feni na mlima wa kona kumi na moja

Saa mbili kasorobo asubuhi, boneti la gari dogo jeupe liko wazi, na mwanamke mwenye ovaroli ya bluu ameinama ndani yake kama mtu anayechungulia kisima. Mkono mmoja umeshika spana. Wa pili ameulaza juu ya mpira mnene wa maji unaotoka kwenye injini, kama vile anavyopima mtoto homa.

"Nyamazeni kidogo," anasema. "Sasa hivi itaamka."

Kweli, feni inaamka. Inavuma dakika mbili tatu, kisha inazima yenyewe. Mshale wa joto kwenye dashibodi unasimama katikati na kutulia.

Mwenye kuliendesha gari hilo, mkunga wa zahanati, anapiga makofi. "Bibi Feni, leo napanda mlima naimba!"

"Utaimba ukifika juu, mwanangu. Njiani shika usukani."

Hapa gerejini hakuna anayemwita kwa jina jingine. Ana miaka hamsini na tisa na wajukuu wanne, na wa tano yuko njiani. Gereji yenyewe ni banda la mabati lenye nafasi ya magari mawili, tena mpaka moja liingie kwa kichwa na jingine kwa mkia. Breki hagusi, gia hagusi. Anashughulika na magari yanayochemsha tu.

"Wenzangu wanatibu mwili mzima," anasema huku akijifuta mikono. "Mimi ni wa homa peke yake."

Gari la mkunga lina homa sugu. Mara mbili kwa wiki hupanda mlima wa kona kumi na moja kwenda kuwaona wajawazito wanaoishi juu. Barabara ni hiyo hiyo ya malori ya mchanga, yaliyojazwa hadi pomoni, na lori likitambaa mbele, wa nyuma naye atatambaa tu. Injini inahangaika, upepo haupo, na kufika kona ya saba mvuke unafuka kama birika lililosahauliwa jikoni.

Mwezi uliopita mkunga alikaa kona hiyo dakika arobaini akisubiri injini ipoe. Alipofika juu, mtoto alikuwa ameshazaliwa, na aliyempokea ni jirani, muuza viatu.

"Mama mzima, mtoto mzima, nashukuru," anasimulia mkunga. "Lakini yule muuza viatu mpaka leo akiniona ananiita msaidizi wake."

Zahanati haikucheka. Ilitoa kauli kwamba gari likichemsha mara moja nyingine, safari za mlimani basi, na wajawazito watateremka wenyewe. Ndipo mkunga akalileta kwa Bibi Feni.

Hakujua kwamba binti wa mwisho wa fundi huyo ameolewa huko huko juu, na mimba yake imeingia mwezi wa tisa.

"Kwa hiyo nililala na hili gari kichwani wiki nzima," anasema Bibi Feni. "Kwa wengine ni gari la zahanati. Kwangu mimi ni gari la mwanangu."

Alichofanya ni kuondoa feni ya zamani na pampu ya maji ya zamani, ambazo zote mbili huzungushwa na mkanda wa injini. Injini ikienda polepole, nazo zinasinzia. Mahali pake akafunga feni ya umeme na pampu ya umeme, alizozitoa kwenye gari lililogongwa ubavuni. Hizi hazingoji injini. Joto likipanda zinafanya kazi, hata gari liwe limesimama, hata injini iwe imezimwa.

Magari arobaini na mawili yamepita mikononi mwake kwa namna hiyo. Kwa mwezi hupata sita, ukiwa mzuri saba, na malipo yanatosha kodi ya banda, chakula, na dawa za macho za mume wake.

Mume wake ni huyu mzee aliyeketi mlangoni, kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu. Alikuwa fundi wa rejeta, zile zinazopoza maji ya injini, kwa miaka thelathini. Macho yalipoanza kufifia, miaka sita iliyopita, mke aliyekuwa akimletea chakula cha mchana akabaki kumshikia tochi. Tochi ikawa spana. Spana ikawa gereji.

Wala hakuanza bure. Aliacha shule darasa la nne, lakini tangu usichana alikuwa akitengeneza feni za mezani za majirani. Mota za feni anazijua kama vidole vyake, na ndiko jina lilikotoka.

"Fundi," mzee anaita kutoka mlangoni, "umejaribu karatasi?"

Karatasi ni mtindo wa mzee. Mwezi ukiisha, huchana ukurasa wa kalenda na kuukunja mfukoni. Gari likitengenezwa, huushika mbele ya rejeta. Feni ikiwa nzima, inavuta upepo kuingia ndani, na karatasi inagandamana kwenye rejeta, pa! Siku hizi haoni karatasi, lakini ile pa anaisikia.

"Mzee, hiyo ni ya enzi za mikanda," mke anamjibu. "Hii ni umeme. Si umesikia inavyovuma?"

"Nimesikia. Hata bibi yangu alikuwa akivuma, na hakuwahi kupoza kitu."

Mkunga anacheka mpaka anashika mlango wa gari. Bibi Feni anafunga boneti kwa kishindo kikubwa kidogo kuliko alivyotaka.

Saa mbili na nusu safari inaanza. Mkunga kwenye usukani, fundi pembeni yake, na mzee nyuma. Alipoambiwa abaki, alikataa katakata. "Gari linajaribiwa na mzigo. Mzigo ndio mimi."

Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, mambo ni shwari. Baada ya ya tatu wanalikuta lori la mchanga, na mwendo unakuwa wa jongoo. Feni inavuma. Kona ya nne mshale unasogea kidogo. Ya tano unasogea tena. Mkunga haimbi.

"Labda unatania," anasema.

"Mshale hautanii, mwanangu. Egesha."

Wameegesha kona ya sita. Mkunga anazima injini na kusema kwa sauti ndogo: "Bibi, zamani lilikuwa linafika ya saba."

Lori jingine linawapita taratibu. Dereva anatoa kichwa dirishani. "Bibi Feni! Leo umetuletea chai ya moto?"

"Pita na mchanga wako!"

Anacheka, lakini macho yake yanaangalia juu, kwenye mapaa ya nyumba yanayoonekana kwa mbali. Binti yake yuko chini ya paa mojawapo. Pampu ya umeme bado inazungusha maji ingawa injini imezimwa, na zile dakika arobaini za zamani leo zinakuwa kumi na tano. Hilo limefaulu. Lakini gari limechemsha, na mkunga ni mkweli. Ataiambia zahanati.

Mzee ameshashuka. Anapapasa ubavu wa gari, taa, kisha uso wa rejeta. Anatoa karatasi mfukoni na kuikunjua.

"Fundi, niwashie feni."

Safari hii mke habishi. Anawasha. Karatasi haigandamani. Inaruka kutoka kwenye rejeta na kumganda mzee usoni, kuanzia paji hadi kidevu.

"Mwezi wa tatu umenirudia," anasema kutoka nyuma ya karatasi.

Bibi Feni anaketi juu ya jiwe la barabara na kucheka hadi machozi yanamtoka. Kisha anaeleza, bila kujificha. Feni aliyoitoa kwenye lile gari lililogongwa ilikaa juani muda mrefu, na waya zake mbili zilipauka zikawa rangi moja. Akaziunganisha kwa kubahatisha.

"Nilifikiria kama mtu wa feni za mezani," anasema. "Ile, plagi uiingize hivi au vile, inazunguka upande ule ule. Hii ya gari ukigeuza waya, nayo inageuka. Siku zote rangi ndizo zilizokuwa zikiniongoza. Leo rangi hazikuwepo, na karatasi nimeikataa mwenyewe kwa majivuno."

Ndiyo maana gerejini gari lilitulia. Likiwa limesimama, upepo wowote unasaidia. Likitembea, upepo wa barabara unataka kuingia, na feni inausukuma utoke. "Wanagombana mlangoni," anasema, "na injini ndani inaungua."

Dawa yake ni bisibisi na dakika tano. Waya wa huku unakwenda kule, wa kule unakuja huku. Mzee anashika karatasi tena.

Pa!

Anatabasamu kabla mtu yeyote hajasema neno. "Hiyo naifahamu."

Kona ya saba wanaipita nyuma ya lori lile lile la mwenye chai, lililosimama kidogo na kuondoka tena. Ya nane, mshale katikati. Ya tisa, katikati. Kona ya kumi mkunga anaanza kuimba, kwa sauti mbaya sana, na hakuna anayemkataza. Bibi Feni haimbi. Ameweka kiganja juu ya dashibodi na kukiacha pale hadi barabara inapokuwa tambarare.

Binti yake yuko mlangoni, mkono kiunoni, tumbo mbele. "Mama! Mbona mmekuja kundi zima? Bado sijaanza hata uchungu."

"Tumekuja kupima njia," anajibu mama.

Mkunga anamwandikia namba yake ukutani, pembeni ya mlango, kwa chaki. "Ukinipigia, nahesabu kona kumi na moja, niko hapa. Muuza viatu mwambie auze viatu."

Jioni mkunga ameiambia zahanati yote, pamoja na kona ya sita. Jibu lililokuja ni kwamba, kwa kuwa kosa limeonekana na kurekebishwa njiani, safari zinaendelea kwa mwezi mmoja wa majaribio. Mwezi ukipita bila kuchemsha, magari mawili mengine ya zahanati yataletwa kwenye banda la mabati.

Bibi Feni ameshapanga. Banda litaongezwa upande mmoja, ili gari la tatu nalo lipate pa kuingizia kichwa. Anataka kufundisha wasichana wawili wa mtaani, waanze na feni za mezani kama yeye, ila wajue mapema kwamba za gari zina tabia nyingine. Na kabla ya yote hayo, anataka kumpakata mjukuu wa tano akiwa amepokewa na mwenye kazi yake.

Anainuka, anakwenda kwenye kalenda iliyotundikwa juu ya meza ya spana, na kushika ukurasa.

"Mwezi haujaisha huo," mzee anasema anapousikia ukichanika.

"Najua." Anaukunja mara mbili na kuusokomeza kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli. "Wewe una wako. Huu ni wangu."