Samaki Saba Walio Hai

Boti aliinunua mume wangu, mtu wa milimani asiyejua kuogelea. Aliiona imeegeshwa kando ya barabara na kibao cha kuuzwa, akaipenda papo hapo. Tulipoishusha majini mara ya kwanza alikaa katikati ameshika pande zote mbili, akatapika, kisha akatangaza kwamba mgongo wake haufai kwa mambo ya maji. Tangu siku hiyo boti ikakaa juu ya trela mbele ya nyumba yetu Missouri City, kando ya Houston, imefunikwa turubai la buluu, hadi chama cha wenye nyumba wa mtaa wetu kikatuandikia barua, halafu barua ya pili kali zaidi, kwamba boti hairuhusiwi kuonekana kutoka barabarani. Mume wangu akapendekeza tupande ua mrefu. Mimi nikasema afadhali niitumie kuliko kungoja ua ukue.

Mimi ni muuguzi katika nyumba ya kulelea wazee. Jikoni kwetu kazini kulikuwa na mama mmoja Mkongomani, amenizidi miaka kama kumi na tano, anayekaa mtaa wa Gulfton kwenye yale majengo ya ghorofa ambako sombe, kisamvu chao, ikipikwa chini, walio juu wanameza mate. Alizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Fizi, na baba yake alikuwa mvuvi. Kila mtu kazini alimwita Mama, hata meneja ambaye hakujua maana yake. Yeye aliniita dada, na akikasirika, muganga, ambaye kwao ni daktari au hata muuguzi. Kiswahili chake na changu vilielewana kama mashemeji, kwa heshima na kwa kurudia-rudia. Nilipomuuliza kama anajua kuvua, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama anajua kupumua.

Aliyetufundisha samaki wa huku ni dereva wa gari linalopeleka wazee hospitali, Mteksasi mwenye ndevu za rangi ya chai ya maziwa. Samaki mwenyewe ni bapa, mweupe kama fedha, ana madoa meusi na mdomo laini kama karatasi iliyolowa, na hupenda kujificha kwenye matawi ya miti iliyozama. Jina lake, ukilisoma lilivyoandikwa, linaanza na neno la Kiingereza la kinyesi. Watu wa Texas hulitamka "kropi" na kujifanya hawajaona. Mimi nililisoma lilivyoandikwa, kwa sauti, mbele ya wazee waliokuwa wakinywa chai, na bibi mmoja akanielekeza kwa upole choo kilipo.

Basi siku zetu za mapumziko tukawa tunakwenda ziwani, mimi nikiendesha na Mama akivua. Mkono wake ulikuwa na akili yake wenyewe. Alishusha chambo kati ya matawi, akatulia, akainua, na samaki akawa ndani ya ndoo kabla sijamaliza kufungua chupa ya maji. Dereva alikuja nasi mara moja, akahesabu ndoo zetu, akazihesabu tena. Kesho yake alituletea kurasa za kanuni za mashindano ya kropi, yatakayofanyika kwenye ziwa moja upande wa Dallas. Yeye na shemeji yake hushiriki kila mwaka. Alisema hajawahi kuona boti ya wanawake wawili ikiingia, na angependa kuiona kabla hajastaafu.

Nilisoma zile kanuni jikoni huku Mama akimenya viazi. Watu wawili kwa boti moja. Samaki saba tu wa kupimwa, kila mmoja asipungue inchi kumi. Ukipata mkubwa zaidi unaruhusiwa kumrudisha mdogo majini, mradi yule mdogo yu hai. Aliyekufa huruhusiwi kumbadilisha, na kwenye mizani unakatwa uzito kwa ajili yake. Hakuna kupiga simu kuuliza samaki wako wapi. Ukichelewa kurudi, umeondolewa. Na yeyote atakayepata zawadi anaweza kuitwa aketishwe mbele ya mashine ya kupima uongo.

Mama aliacha kumenya. Aliuliza kama hii mashine ni ya wavuvi au ya wauaji. Nikamwambia ni ya wavuvi, kwa sababu watu walishawahi kujaza samaki vyuma tumboni ili wapate uzito. Alifikiri kidogo, akasema kwamba kama ni hivyo basi mashine ingeanzia kanisani.

Tatizo lilikuwa shati. Dereva alikuwa ametuonyesha picha za mwaka uliopita, na kila mshindani alikuwa amevaa shati la mikono mirefu lililojaa nembo za wadhamini kama gari la mashindano: injini, nyuzi, mafuta, betri. Mama alikataa katakata kusimama mbele za watu na fulana ya kawaida. Kwa hiyo tukaenda Stafford kwa mwenye bucha la mbuzi, Mkenya mwenzangu, mtu anayepunguza mifupa kwenye mzani wako ukimwamkia vizuri. Alisikiliza, akauliza kama hao wavuvi wanakula nyama. Nikasema ni watu wa Texas. Wiki mbili baadaye mashati aliyoyalipia yakawa tayari, ya kijani, na kichwa cha mbuzi kifuani kikitabasamu, jambo ambalo mbuzi wa bucha hana sababu ya kulifanya.

Mchungaji wetu naye akasikia. Kanisa letu lina Wakongomani wengi na Wakenya wa kutosha kuanzisha ubishi, na yeye hapendi jambo lipite bila yeye. Alitaka mstari wa wavuvi wa watu uandikwe mgongoni. Tulimkubalia kwa herufi ndogo. Halafu akauliza, kwa utani ambao haukuwa utani, kuhusu fungu la kumi la hao samaki. Mama alimjibu kwamba sehemu ya kumi ya samaki saba ni kichwa, mkia na utumbo, na atamletea. Hata hivyo Jumapili ile alitutangaza madhabahuni, akatuombea dhidi ya upepo, na akasema basi la kanisa litakwenda kutushangilia. Watu ambao hawajawahi kutoka Houston isipokuwa kwa mazishi wakajiandikisha.

Alfajiri ya siku yenyewe tulisimama kwenye foleni ya boti. Kuliimbwa wimbo wa taifa, ikasaliwa sala fupi, kisha kila mtu akakaguliwa jaketi la kuokolea. Boti za wenzetu zilikuwa na vioo vikubwa vya kuonyesha kila samaki anayepita chini, mpaka mkia wake unavyocheza. Wanaume wazima waliviinamia, wameshika fimbo ndefu za kuvulia, bila hata kutazama maji. Boti yetu ilikuwa na kioo kimoja, cha Mama, cha kutazamia kilemba.

"Bale banaume banafanya nini?" aliniuliza. Kwake "wa" yangu ilikuwa "ba".

"Wanatafuta samaki."

"Banaangalia televisheni," alisema, na hakuwatazama tena.

Tulikwenda kwenye miti iliyozama karibu na daraja, na kufikia saa tatu tulikuwa na wanne ndani ya tangi la boti, hai, wazuri, pampu ikiwaletea hewa. Kisha ufito wa Mama ukapinda hadi ukagusa maji. Alimleta taratibu, mimi nikamkinga kwa wavu. Nilikuwa sijawahi kuona kropi mkubwa namna ile. Nilianza kumwambia amshike kwa upole, na kabla sijafika kwenye neno "upole" alikuwa amemgeuza, ameshika mpini wa kisu, na amempiga kimoja tu cha utosini. Samaki akatetemeka, akatulia. Mama akamlaza kwenye sakafu ya boti na kunawa mikono, kama mtu aliyezima taa akitoka chumbani.

Nilimkumbusha kanuni ya waliokufa.

Mama alikaa chini. Aliniambia kwamba baba yake alikuwa na kipande cha mti kwa kazi hiyo tu, na kwamba tangu ana miaka sita alifundishwa kuwa samaki mkubwa haachwi ahangaike, ni dhambi. Wale wadogo wa ndoo hakuwahi kuwapiga, hawakustahili. Lakini huyu alikuwa mkubwa kama wale wa nyumbani, na tangu alipokimbia vita hakuwa ameshika samaki kama huyo mikononi mwake. Mkono ulikwenda wenyewe. Alisema yote haya akitazama samaki, si mimi.

Nilichofanya baada ya hapo sijivunii. Mimi ndiye niliyesoma kanuni, mimi ndiye mwalimu wa shule ya Jumapili. Nilitazama huku na huku, nikaona boti ya karibu iko mbali na watu wake wameinamia televisheni yao, nikasema tumtupe. Akizama, hatujawahi kumvua. Tutajaza nafasi yake na aliye hai na hakuna atakayekatwa chochote.

Nilidhani Mama atataja mashine ya uongo. Hakuitaja.

"Tumutupe?" alisema. "Muganga, ile iko chakula."

Nikamweleza tena kuhusu uzito. Akanieleza tena kuhusu chakula. Aliuliza kama mimi nilishawahi kulala njaa siku tatu mfululizo, akamchukua samaki, akamfunika kwa taulo lenye maji na kumweka kwenye barafu pamoja na soda zetu. Halafu akashusha chambo tena. Tulivua hadi muda wa kurudi. Kila samaki aliyekuja baadaye alimpokea kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akamtia tangini, na kunitazama ili nione.

Tulirudi tukiwa na saba, sita hai na mmoja wa barafuni. Ufukweni nilisikia vigelegele kabla sijaona watu. Basi la kanisa lilikuwa limefika, na nyuma yake magari ya Wakongomani wa Fort Worth ambao sijui nani aliwaalika. Kulikuwa na majiko ya mkaa, sufuria za ugali, ndimu, pilipili, na kina mama waliovaa vitenge vya sare. Mwenye bucha alikuwa amekuja mwenyewe na mbuzi wawili waliokwisha kukatwa. Dereva aliniambia kwamba kwa kawaida kwenye mizani husimama wake za wavuvi na mbwa wachache.

Zamu yetu ilipofika, mtangazaji alimwinua yule mkubwa mbele ya kipaza sauti, akaona hapumui, akamuuliza Mama nini kilitokea. Mama akanigeukia.

"Mwambie hivi. Samaki muzima iko ya Mungu. Yenye imekufa ndiyo yetu."

Nikamwambia mtangazaji kwamba Mama anasikitika sana.

Walitukata uzito kama kanuni ilivyosema, tukawa wa nne. Zawadi zilikuwa za watatu wa kwanza. Dereva, ambaye hakuwa hata kwenye ishirini wa kwanza, alitufanyia hesabu bila kuombwa: bila lile pigo la mpini tungekuwa wa pili. Mama alisema ahsante. Mimi nilikwenda nyuma ya basi nikatukana kidogo kwa Kikikuyu, kwa kuwa hakuna mwingine pale aliyekijua isipokuwa mwenye bucha, naye alikuwa na wateja.

Fujo ilianza walipoanza kuwarudisha samaki ziwani. Kanuni hiyo sikuwa nimewaambia watu wa kanisa. Kijana wa mashindano alimimina tangi zima majini mbele ya kina mama walioshika ndimu zilizokwisha kukatwa. Mzee mmoja wa kanisa aliuliza, kwa dhati kabisa, kama hawa watu wana mgonjwa nyumbani wanayemtolea sadaka. Samaki pekee tuliyerudishiwa alikuwa yule aliyekufa. Mchungaji alimtazama, akatutazama sisi kama sitini hivi, akaanza kusema jambo kuhusu mikate mitano. Mama akamwomba asimame kando, moshi unamwelekea.

Alimkaanga mwenyewe. Kila mtu alipata kipande cha samaki kisichozidi ukucha, na mengine yote yalikuwa mbuzi. Wavuvi walianza kusogea, kwanza wawili, halafu kumi, wakiwa na mashati yao ya betri na mafuta ya injini, wakila ugali kwa mkono na kuuliza bucha liko wapi. Wale waliopata nafasi ya kwanza walichelewa kwenda kwenye mashine ya uongo kwa sababu mmoja wao alikuwa kwenye foleni ya mbavu.

Mwaka uliofuata waandaaji walitupigia simu wakiomba turudi, na wakauliza hasa kama watu wetu watakuja. Mama alikataa. Alisema hana ugomvi na mtu, ila umri wake haumruhusu kubembeleza samaki. Dereva alihuzunika kuliko mimi.

Siku hizi tunakwenda Jumanne, mimi na yeye tu, kwenye ziwa dogo lililo karibu zaidi, na shati la mbuzi analivaa akipaka boti mafuta. Wiki jana alivua kambare wa urefu wa mkono wangu. Nilimpa kisu nikageukia upande mwingine kutazama ndege.