Bwana Zunguka na Njia ya Mkato

Mlinzi wa makaburi, ambaye mtaa mzima humwita Bwana Zunguka, hakupewa jina hilo kwa mapenzi. Neno lake kwa kila mpita njia lilikuwa hilo moja tu. Makaburi yako kati ya soko na nyumba za wafanyakazi. Barabara huyazunguka kwa nje, lakini miguu ya watu ilichonga njia katikati, ikanyooka kama uzi wa mwashi, na ikapita juu ya kaburi la mama yake mlinzi, upande wa miguu.

Aliponionyesha mahali hapo, siku ya kwanza nilipokwenda kumhoji, aliziba pua. Palikuwa na maganda yaliyooza, makohozi, na harufu ya mkojo wa asubuhi ile ile. Siafu walikuwa wamejipanga humo humo.

"Hata wadudu," alisema, akatema mate kando. "Wamemwona binadamu hana haya, wakamfuata."

Mvua ndiyo iliyomtia hofu. Maji yalishuka katika mfereji ule wa nyayo na kumega tuta la kaburi. "Maji hayana mama," alisema.

Kisha, alinisimulia, mhandisi wa manispaa akaja mchana mmoja na kamba na chokaa.

"Mzee, watu wameshanichorea ramani. Nitamwaga zege hapa hapa."

"Juu ya mama yangu? Wanaopita hapa ni wahuni, bwana! Wenye adabu huzunguka."

Hajafunga kinywa, mkewe akatokea katikati ya njia, sufuria ya chakula kichwani, akaruka dimbwi la mkojo na kukanyaga tuta.

"Na huyu naye mhuni?" mhandisi akauliza.

"Mhuni nani?" mke akadakia. "Kila siku unajisifu chakula changu hufika kikifuka moshi. Ulidhani kina mabawa? Nyani haoni kundule!"

Bwana Zunguka alitazama nyayo za mkewe juu ya tuta, kisha sufuria. Aliniambia kwamba kila tonge alilowahi kula pale lilikuwa limepita juu ya mama yake.

"Kama mkeo hazunguki, mzee, nani atazunguka?"

"Mama watoto," akasema taratibu, "rudi. Zunguka."

"Kitapoa."

"Kipoe."

Mke akageuka, akarudi hadi langoni, akashika barabara. Mhandisi alimsindikiza kwa macho mpaka alipotokea upande wa pili, akihema. Alifuta chokaa kwa kiatu, akachora upya, mstari ukapinda kulizunguka kaburi.

Zege limepinda hadi leo, na maji hufuata zege. Watu wachache bado hukata katikati na kuacha uchafu wao, naye huuzoa kwa kijiti, akilaani.

Siku ya mwisho ya mahojiano yetu, mkewe aliwasili kwa barabara. Mafuta yalikuwa yameganda juu ya mchuzi, meupe kama nta. Mzee alitia tonge, akakunja uso, akanisogezea bakuli.

"Kula, ndugu yangu. Kimezunguka."