Dirisha la Enock

Kanisa la Presbiteri pale Geita lilihamahama kama mpangaji asiyelipa kodi. Sasa walikuwa wamejenga jengo la nne, la bati la rangi. Mchungaji Maige, aliyeletwa juzi tu kutoka Shinyanga, akataka historia ya majengo ya zamani isomwe siku ya ufunguzi. Akauliza nani anayakumbuka. Watu wakatazamana. Wale wa mwanzo wengine walikwisha kufa, wengine walifuata dhahabu Bugarama na hawakurudi hata kusalimia. Alibaki Martina, Mama Ritha, muuza dagaa, ambaye siku zote hakuna aliyemuuliza kitu zaidi ya bei.

"Mama Ritha, utanionyesha?"

"Miguu ninayo. Wewe tafuta viatu vya kutembelea, hivyo vyako ni vya harusi."

Hakumwambia kwamba naye alikuwa na lake. Jengo la tatu lilijengwa na mumewe, Enock, fundi uashi. Baadaye kazi za ujenzi zikakauka, Enock akaingia machimboni, duara, shimo la kuchimbia dhahabu, likatitia naye yuko chini, na hawakumtoa. Kaburi hakuna. Picha ilikuwa moja, ya harusi, ikaliwa na mchwa. Binti yao Ritha ameolewa huko Songwa, anapiga simu siku akikumbuka. Basi kama kulikuwa na kitu cha Enock juu ya ardhi ambacho Martina angeweza kukigusa, ni ukuta wa kanisa lile, na katika ukuta ule, dirisha moja lililokaa upande. Tangu jengo liuzwe hakuwa ameingia ndani.

Dirisha lile lilikuwa kichekesho cha usharika mzima. Enock alilipanga akiwa na homa, likainamia kulia kama mtu anayesinzia ibadani. Martina alipomletea uji alilitazama, akaweka sufuria chini.

"Hilo limekunywa nini?"

"Likipigwa lipu litanyooka."

"Likipigwa lipu au likiombewa?"

Enock alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

Wakaanza na jengo la kwanza, lililokuwa ghala la pamba la mzee Pranlal. Leo ni duka la simu. Mjukuu wake, Urvi, aliwapa chai, akasema babu yake alilalamika mpaka anakufa kwamba nyimbo za kanisa ziliwafukuza panya ghalani wakahamia jikoni kwake. La pili halikuwa jengo hasa, lilikuwa turubai juu ya nguzo. Pale pamekuwa kituo cha mafuta, na mlinzi akawakataza kupiga picha. Mchungaji akapiga picha ya mlinzi.

La tatu lilikuwa mtaa wa Kalangalala. Mwenye nalo sasa, Wiliam, anahifadhi humo viroba vya mawe ya dhahabu vikisubiri kusagwa. Alimwamkia Martina kwa adabu ya Kisukuma, kama mama yake mzazi.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba, baba. Tunaomba kuliona kanisa letu."

Martina alipita katikati ya viroba moja kwa moja mpaka dirishani. Lipu haikulinyoosha. Akaweka kiganja chini ya dirisha, akakishusha polepole kwenye ukuta mpaka sakafuni, pale Enock alipoanzia kupanga, akachuchumaa hapo. Lakini katika mji ule, ukichuchumaa na kupapasa ukuta wa zamani, hakuna anayefikiri una marehemu. Wanafikiri una mali.

"Mayu, hapo kuna nini?" Wiliam akauliza.

"Kuna dirisha."

"Dirisha naliona. Chini yake?"

"Chini yake kuna ukuta."

Wiliam akamgeukia Mchungaji, akaitazama simu aliyokuwa akipigia picha. "Hili lilikuwa kanisa la wazungu. Wazungu wanafukiaga vitu vyao, halafu wanatuma watu."

"Wazungu gani?" Martina akasema. "Tofali hizi tulifyatua wenyewe, tope nimelikanyaga kwa miguu hii. Aliyejenga ni mume wangu."

"Ehee. Kwa hiyo alikuambia alipoweka."

"Hakuweka kitu. Alikufa maskini."

"Ndivyo wanavyosemaga wote. Kesho naleta vijana na sururu. Tunaanzia hapo hapo uliposhika."

Kila alipomwambia kweli, ndivyo macho ya Wiliam yalivyozidi kung'aa. Martina akautazama ukuta. Tofali zimeungwa kwa tope tupu. Wakichimba chini yake, hautafika mchana umesimama. Akainuka, akafuta mikono kwenye kanga.

"Haya, umenishika," akasema kwa sauti ya chini. "Si hapa. Hapa nilikuwa nakupoteza. Ni kule mbele ilipokuwa mimbari. Katikati kabisa, mbali na kuta."

"Kina chake?"

"Chimba mpaka uchoke."

Walipotoka nje Mchungaji alikuwa amesawijika. "Mama Ritha, umedanganya. Tena mbele yangu."

"Andika kwenye historia yako."

Hakuandika. Wiliam alichimba mpaka akakuta mwamba, na juu ya mwamba hapakuwa na kitu. Akaja sokoni kumuulizia yule bibi wa dagaa, akaacha salamu kwamba akikanyaga tena kwake atalala humo shimoni. Martina akahamishia meza yake soko la juu.

Siku ya ufunguzi historia ikasomwa. Enock alipata sentensi moja, "fundi wa jengo la tatu," watu wakapiga makofi. Madirisha ya jengo jipya yalikuwa ya vioo, yamenyooka yote. Baada ya ibada waumini walikwenda kwenye pilau, na hakuna aliyeuliza Mama Ritha yuko wapi.

Alikuwa Kalangalala, ng'ambo ya mtaro, nyuma ya lori lililoegeshwa, kanga kajifunika kichwani. Wiliam alikuwa amekaa mlangoni kwake. Ukuta ulikuwa umesimama. Martina akainamisha kichwa kulia kidogo, dirisha likakaa sawa, akalitazama hivyo mpaka Wiliam alipoinuka kitini.