Picha Nyuma ya Kabati

Rangi ya mafuta iliyochanganywa na tapentaini ina harufu inayokaba koo. Miaka ile ya tisini, pale mtaani Jericho, harufu hiyo ikitoka kwenye nyumba ya watu, majirani walipunguza sauti, maana walijua kuna mzee aliyechorwa. Wengi wa wazee wetu walikuwa na picha moja tu maishani, ile ya kitambulisho, na picha ndogo hivyo haingefaa kutangulia jeneza. Basi mgonjwa akilemewa, familia ilimpelekea fundi wa mabango kitambulisho chake, naye akamkuza kwa brashi ubaoni. Ilifanywa kimyakimya, kwani hakuna anayemshonea mtu sanda huku mwenyewe anatazama.

Susu, mama yake baba, aliletwa kwetu kutoka Machakos kutibiwa kifua. Baba alikuwa karani aliyependa kila kitu kiwe tayari mapema. Aliagiza picha wiki ya kwanza, akaificha nyuma ya kabati. Lakini Susu akaanza kupata nafuu. Alimaliza uji, akaota jua mlangoni, akawa anasema atarudi nyumbani kupanda mvua zikianza. Mimi, msichana wa miaka minane, sikuwa nimeambiwa maana ya picha ile. Niliona tu kwamba imependeza, hata makunyanzi yamepunguzwa, nikaitoa asubuhi moja nimfurahishe.

"Susu, ona umechorwa."

Aliitazama sana, akapitisha kidole kwenye shavu lake la rangi. "Na mliniambia napona," akasema polepole. Jioni baba alijitetea kwamba ni picha tu ya ukutani. Susu hakubishana. "Basi itundikeni," alimjibu, na tangu siku hiyo akakataa uji, akakataa na dawa. Mvua zilinyesha tumeshamzika. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu uliponza kichwa cha mwingine. Hakuna aliyenigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Siku hizi picha ya kuchorwa ni zawadi. Mwaka jana binti yangu alimchoresha mama yangu alipotimiza miaka themanini. Tulikuwa mezani ilipofunuliwa. Simu zikainuliwa, mama akacheka, akauliza mbona wamemfanya mrembo hivyo. Nawaonea wivu watoto hawa wasioogopa sura ya mzee iliyochorwa. Nilipiga makofi na wenzangu, kisha nikamsogezea mama sahani, nikamwomba ale.