Kicheko cha Bibi Kando ya Mpungi

Namtanguliza Mwenyezi Mungu, aliyezishika pumzi zetu, ndipo nitaje asili yangu: mimi ni Mpare wa Suji, mjukuu wa Bibi Namkunda.

Nilipokuwa mtoto, njia ya kuteremkia Same ilipita kando ya mpungi, msitu mtakatifu wa wazee wetu. Hapo tulifumba midomo, kwani tuliambiwa kwamba anayecheka mbele ya mpungi huvimba taya. Bibi, ambaye baridi yabisi ilikuwa imempinda vidole, alicheka papo hapo siku moja ya gulio, nilipoteleza nikakalia kapu lake la ndizi mbivu.

Haukupita muda, jino likamuuma, kisha shingo ikavimba hata kidevu kikapotea. Kinywa hakikufunguka, mate yakamtiririka. Machela ya kumpeleka hospitalini Same ilikwisha kufungwa, ndipo kaka yake, Babu Elinaza, akaizuia.

“Hapiti mpungini kabla hatujapeleka pombe na kondoo wa tambiko. Tungojeni kesho kutwa.”

Mama yangu akapiga goti. “Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba.”

“Mama mwenyewe alituagiza. Daktari alimwambia vidonge vyake vya viungo huupunguzia mwili nguvu ya kupambana na vijidudu. Akivimba kinywa au shingo, asilale nyumbani.”

“Daktari huyo anaujua mpungi?”

Bibi akagonga mti wa machela kwa kiwiko. Maneno yakapenya katikati ya meno yaliyobana: “Kaka… kondoo mleni nyinyi. Mimi nibebeni.”

Wabebaji walicheka wakiogopa. Babu alimtazama dada yake akihangaika kuvuta pumzi, kisha akainama, akashika mti wa mbele yeye mwenyewe. Tulipita mpungini kimya, naye akitangulia.

Hospitalini walimtoa usaha chini ya ulimi na shingoni. Daktari alisema kungoja kungeziba njia ya hewa.

Siku ya kurudi, Bibi alifumba kinywa mbele ya mpungi, kwa heshima ya waliotutangulia. Tulipouacha nyuma akamgeukia Babu: “Haya, kondoo wangu mlimla?” Kicheko chake kikajaa bondeni.

Leo vidole vyangu vimepinda kama vyake, nami nameza vidonge. Siudharau mpungi, chemchemi zetu zimo humo. Lakini wanangu nimewaachia agizo lile lile la Bibi, na kila nilitamkapo kifua hunijaa fahari kwamba mimi ni damu yake.

Nanyi mlionisikiliza, Mungu awajalie vinywa vya kucheka, na siku ya kuugua, ndugu wa kuwabeba bila kungoja.