Nauli ya Mama Kwenye Bajeti ya Filamu

Wiki jana, katika saiba moja, duka la huduma za kompyuta mjini Homa Bay, nilimkuta mwanamke ninayemfahamu akirekebishiwa bajeti ya filamu yake. Hatimaye alikuwa amepata mfadhili. Filamu inamhusu mama yake, aliyeponda mawe ya dhahabu kule kwenye machimbo ya Osiri miaka mingi.

"Nauli ya mama kuja kurekodiwa?" mhudumu aliuliza.

"Hiyo toa."

"Kwani hatakuja?"

"Tulimzika mwezi uliopita."

Yule mwanamke akapangusa kioo cha kompyuta kwa kiganja, ingawa hakikuwa na vumbi.

Nilishindwa kumtazama. Mwaka jana aliniuliza mimi mwandishi kama aanze kumrekodi mama kwa simu tu. Nikamjibu kitaalamu: "Dada, bajeti kwanza, kamera baadaye."

Akanitii. Sisi waandishi hutiiwa sana pale tunapokosea.