Maganda Mekundu ya Bunduki ya Baba Mkwe

Jamani, mimi si mtu wa kuficha mambo, mnanijua, lakini hili nimelikalia miaka mingi, na hata leo nikipita Panda, kambi ya wafanyakazi tulikoishi, nikamwona mtu yeyote aliyekuwepo siku ile, navuka barabara haraka kama niliyeitwa upande wa pili.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kiwanda chetu cha shaba kimekufa nusu, mishahara haiji, na sisi mafundi wa karakana tulikuwa tunaenda kazini ili tuonekane tu tumekwenda. Aliyetulisha nyama ni baba mkwe wangu, mzee mstaafu, mwindaji mwenye kibali chake, na bunduki yake moja ya zamani ya Wabeleji. Alishuka nayo porini upande wa Koni, akarudi na swala au ngiri, nyama ikagawanywa nyumba mbili, yake na yangu (watoto wangu wanne walikua kwa bunduki ile, sisemi uongo). Shida ni kwamba risasi zilipotea madukani kabisa. Basi mimi, fundi mzima, nikachukua maganda yake yaliyokwisha kupigwa, aliyoyatunza kwenye kopo la maziwa, mchuuzi mmoja akatuletea fataki za kuwashia na baruti kutoka Zambia, nikawa nayajaza upya pale kwenye meza ya chakula. Njano yake ilikuwa imezibwa na masizi, yalikuwa meusi, machafu, hayatamaniki, lakini yalipiga. Mwaka mzima yalipiga! Mzee akawa anajisifu kwa kila mtu:

— Mukwe yangu iko fundi ya kweli. Bantu yote banajua.

Sifa ile, ndugu zangu, ndiyo iliyoniharibu.

Binti yangu wa kwanza, Odile, alikuwa anapokea komunyo ya kwanza Jumapili, na mzee alikuwa ameahidi kumwindia swala, nami kwa mdomo wangu huu nilikuwa nimeshawaalika majirani, kwaya, hata katekista. Nikajiambia, kwa siku kubwa namna hii, haifai mzee aende na maganda meusi, lazima yang'ae. (Nani angeyaona? Swala?) Nikaleta chupa ya asidi kutoka kiwandani, nikayaloweka, nikayaacha siku mbili, na nilipoyatoa, mama yangu, yalikuwa mekundu! Sasa, kiwandani kwetu, shaba ikitoka nyekundu ujue imesafishwa sawasawa, wakubwa wanafurahi, kila mtu anakwenda nyumbani. Maisha yangu yote nimefundishwa kuipenda ile rangi. Nikayapanga dirishani, nikasimama kuyatazama.

Mke wangu akaja, akaangalia, akakunja uso.

— Baba Odile, bile bintu bilikuwa jaune. Juu ya nini sasa biko rouge?

— Weye unajua nini ya mukuba? Rouge njo propre! — nikamjibu, na nikacheka mbele ya watoto (jaune ni njano, rouge ni nyekundu, propre ni safi, na mukuba kwetu ni shaba, na mimi niliamini hakuna mwanamke wa kunifundisha shaba).

Hata lile ganda moja lililoanguka sakafuni likavunjika mdomo kama biskuti halikunishtua. Nikasema hilo lilikuwa limezeeka. Yaliyobaki nikayajaza.

Jumamosi mchana mzee alitaka kujaribu risasi moja tu kwenye kichuguu nyuma ya kambi kabla ya kwenda porini. Angejaribu peke yake, lakini mimi nikapita nyumba kwa nyumba kuwaita watu waje waone kazi ya mikono yangu. Wakaja, wanakwaya na katekista, na mama mkwe naye akaja akasimama mbali kidogo. Hapo niwaeleze: kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe wake, hampi mkono, akimwona njiani anapita pembeni. Miaka kumi na moja nilikuwa sijawahi kufika karibu naye.

Mzee akapiga magoti, akalenga, akavuta. Haukuwa mlio wa bunduki ule. Moto na moshi vilitokea nyuma, usoni kwake, kofia ikaruka, na mimi fundi, mwenye kazi, mwita watu, niliruka nyuma nikajificha kwenye mgongo wa mtu na kung'ang'ania kitenge chake kwa mikono miwili hadi kikafunguka. Alikuwa mama mkwe. (Mungu ni mwema, kwa ndani alikuwa amevaa kingine.) Wanakwaya walipiga kelele kuliko bunduki.

Moshi ukapungua. Mzee alikuwa amekaa chini, nyusi zimeungua, damu shavuni, bunduki mapajani, kitako kimepasuka na ganda limechanika ndani ya mtutu. Akageuza kichwa huku na huku akinitafuta.

— Mukwe? Mukwe, weye iko muzima?

Yeye aliyeumia ndiye aliyeuliza. Nami nilikuwa nyuma ya mke wake.

Macho yake yalipona, namshukuru Mungu, lakini bunduki haikupona. Bwana mmoja wa maabara alinieleza baadaye kwamba maganda yale si shaba tupu, yana zinki ndani, na asidi ndiyo iliyokula zinki. Kile chekundu nilichokishangilia kilikuwa shaba iliyobaki bila nguvu. Jumapili wageni walikula bukari, ugali wetu, na maharagi, Odile na gauni lake jeupe akiniangalia tu. Mama mkwe nilimpelekea kuku wa kuomba msamaha kupitia mtu, akampokea. Nyama ikaisha katika nyumba zote mbili, na mzee, kwa umri ule, akashika jembe akalima viazi.

Tangu siku ile sijajaza ganda hata moja, wala sitajaza, na mke wangu akiuliza «juu ya nini», yaani kwa nini, naweka chombo chini nasikiliza. Najuta kwamba nilicheka.

Kunilaumu, mzee hakunilaumu hata mara moja. Ila mwaka uliofuata redio yake, ambayo siku zote nilimtengenezea mimi, iliharibika. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikamwona anakuja ameibeba kwapani, nikainuka, nikafuta mikono. Akanisalimu vizuri kabisa, akauliza habari za watoto, kisha akaendelea na njia hadi kwa fundi mwingine.